Hesabu ya Kaskazi, Vipepeo wa Kusi: Uchambuzi wa Kisa cha Bustani ya Vipepeo Wilayani Muheza

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanakijiji wanaoendesha bustani ya vipepeo chini ya milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Majina ya kijiji, shule na watu nimeyaacha, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyageuza. Anayeijua barabara ya kutoka Muheza kupanda Amani ataona kama anapajua mahali penyewe. Hata akipajua, namwomba akae napo moyoni.

Nimekiandika kwa ajili ya vikundi vingine vinavyotaka kupokea wageni, hasa wanafunzi, na kwa walimu wanaopanga safari hizo.

USULI

Ufugaji wa vipepeo si jambo geni katika milima hii. Tangu mapema miaka ya 2000 wakulima wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Amani walifuga vipepeo na kuwauza wakiwa pupa, kwenda kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Pupa ni hatua ile ambayo kiwavi ameshajifunga, hali wala hatembei, anasubiri kutoka na mabawa. Hatua hiyo ndiyo inayosafirika. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo humo pamoja na nyani na ndege. Soko likafa. Wafugaji wengi walirudi kwenye iliki, mihogo na machungwa.

Kikundi cha kisa hiki kilibaki na nyumba ya wavu, miche ya kulishia viwavi, na wanawake kadhaa wenye ujuzi ambao huupati chuoni: wanajua kiwavi yupi anakula jani gani, na wakiliona yai kubwa kama kichwa cha pini wanakwambia mamaye ni nani. Wakaamua kwamba kama vipepeo hawawezi kwenda kwa wageni, basi wageni waje kwa vipepeo. Wakaweka kiingilio kidogo, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakaongeza bustani ya wazi nje ya nyumba ya wavu. Humo walipanda maua yenye nekta, michungwa na milimau, mitopetope, na magugu fulani ambayo mpita njia angeyang'oa akidhani anawasaidia.

Mwaka wa kwanza wageni walikuwa mmoja mmoja: watalii wanaopanda Amani, vijana wa Tanga mjini na simu zao za kupigia picha. Kazi ilikuwa nyepesi, maana mgeni mmoja akikuta vipepeo watano anaridhika. Shida ilianza kikundi kilipopata mgeni mkubwa.

Shule moja ya msingi ya Tanga mjini iliomba kuleta klabu yake ya mazingira, watoto wapatao sitini, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Katibu alifurahi akajibu kwa ujumbe mrefu ambao baadaye uligeuka ushahidi dhidi yake: "Karibuni, watoto watazungukwa na mamia ya vipepeo."

HESABU

Kikundi hakikufanya uzembe. Kilijipanga kwa namna ambayo kila mfugaji pale angekubaliana nayo. Kipepeo wao wa kutegemewa ni yule mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, anayetaga kwenye majani ya jamii ya mchungwa. Kwa uzoefu wao yai huanguliwa ndani ya siku chache, kiwavi hula kwa wiki tatu hivi huku akijivua ngozi mara nne, kisha pupa hukaa kama wiki mbili. Jumla ni wiki sita, ukipenda kujipa nafasi. Katikati ya Julai wakakusanya mayai, wakayaweka kwenye vizimba, wakahesabu mbele. Jumamosi ya safari ikaangukia palepale.

Ila hesabu ile ilikuwa ya Januari, Februari na Machi, wakati wa kaskazi, joto likiwa kali. Julai na Agosti ni kipupwe. Kusi inavuma, asubuhi chini ya mlima kuna ukungu, na kuna siku jua halionekani mpaka alasiri. Mdudu hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la hewa likishuka, ukuaji wake wote unapungua mwendo: kiwavi anakula polepole, pupa anachelewa, na wako pupa ambao hali ikiwa baridi na kavu hutulia tu kwa wiki nyingi wakingoja majira mema. Wakati wafugaji walipouza nje jambo hili halikuwasumbua kwa sababu walikuwa wanauza pupa. Akiiva mapema au akichelewa, huo ulikuwa mzigo wa mnunuzi. Sasa biashara imegeuka, wanauza kipepeo anayeruka, katika tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya shule.

Siku mbili kabla ya safari nyumba ya wavu ilikuwa na pupa wengi wananing'inia kwenye vijiti, viwavi wanono kwenye milimau ya kwenye ndoo, na vipepeo hai wasiozidi kumi na watano.

SIKU YENYEWE

Usiku wa Ijumaa katibu aliwapigia simu vijana wawili wenye nyavu. Alfajiri wakaingia ukingoni mwa msitu, wakarudi na vipepeo kama kumi na wawili wa aina mchanganyiko, wakawaachia ndani ya wavu. Mwenyekiti alipofika na kuambiwa, alikasirika. Hata hivyo jambo lilikuwa limeshafanyika, na basi lilikuwa njiani.

Basi lilitakiwa kufika saa tatu asubuhi. Lilifika saa saba na nusu mchana, baada ya kusubiri watoto, kisha mafuta, kisha chai Muheza. Mawingu yalikuwa yamefunga na manyunyu yameanza. Watoto wakashuka wakipiga makofi.

Ndani ya nyumba ya wavu hapakuwa na kinachoruka. Vipepeo waliofugwa walikuwa wamekunja mabawa chini ya majani, na ndivyo wanavyofanya siku yoyote ya baridi, kwa sababu misuli ya mabawa haifanyi kazi vizuri mpaka mwili upate joto linalokaribia nyuzi 30. Wale wa msituni walikuwa juu kabisa kwenye pembe za wavu, wakijigonga. Kipepeo aliyezaliwa ndani ya wavu huzoea mipaka yake. Aliyekamatwa akiwa mkubwa hutafuta mwanga tu, hukwaruza mabawa mpaka yakatike. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, wale wanakufa?" Hakuna aliyemjibu.

Mwalimu mkuu wa msafara akamvuta katibu pembeni. Alitaka nusu ya pesa irudi. Alikuwa mkweli na mpole: wazazi walichanga, na yeye ndiye atakayeulizwa Jumatatu.

Wakati watu wazima wakibishana, mmoja wa wafugaji, bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote kikundini, aliwaita watoto waliokuwa karibu waende naye nje kwenye mlimau.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Nani haogopi?"

Akamwonyesha mvulana mmoja kitu juu ya jani, akamwambia akiguse kwa ncha ya jani jingine. Mvulana akasema hicho ni kinyesi cha ndege. Akakigusa, kikasogea. Ndivyo kiwavi mdogo wa kipepeo huyu anavyojificha: kahawia na weupe, mfano wa kinyesi kilichodondoka. Kisha akawapeleka kwa kiwavi mkubwa, wa kijani, akamfinya kidogo mgongoni. Nyuma ya kichwa ikachomoka pembe laini ya rangi ya chungwa, imegawanyika mara mbili, na harufu kali ikatoka. Watoto wakapiga kelele, wakakimbia, wakarudi. Baada ya hapo bibi hakupata nafasi ya kupumua. Watoto wote sitini walitaka pembe itoke kwao.

MAAMUZI YA SIKU ILE NA SABABU ZAKE

Mwenyekiti alifanya maamuzi matatu ndani ya nusu saa hiyo. Kila moja lina funzo lake.

La kwanza, aliagiza wale vipepeo wa msituni watolewe mara moja, mbele ya watoto, na aliwaeleza kwa nini wanatolewa. Alikuwa na sababu mbili. Kukamata ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na kikundi kinaishi kwa ujirani mwema na watu wa hifadhi. Pia aliona kwamba mtoto aliyeuliza swali lile atakumbuka lile peke yake asipoona limejibiwa. Waliokuwa na mabawa mazima waliruka mpaka kwenye miti, na watoto wakashangilia kuliko walivyoshangilia kitu chochote ndani ya wavu.

La pili, aliacha ratiba iliyopangwa ya maelezo ndani ya nyumba ya wavu, akaligawa kundi mara tatu: moja kwa bibi na viwavi, moja kwa pupa, moja kwenye bustani ya maua kutafuta mayai. Hapa alifuata tu kilichokuwa kimeanza chenyewe. Nasema hivi kumsifu, maana viongozi wengi wa vikundi wangemrudisha bibi kwenye ratiba.

La tatu lilikuwa la pesa. Hakurudisha nusu. Alimwambia mwalimu kwamba kiingilio kitahesabiwa kuwa cha safari mbili, na watoto haohao waje tena Desemba bila kulipa getini. Mwalimu akaomba pia apewe pupa thelathini waende nao shuleni kama fidia. Mwenyekiti akakataa, ingawa pupa walikuwepo tele. Hakuwa na uhakika na kibali cha kuwasafirisha, na alijua kwamba wakifa kwenye boksi ndani ya basi lawama itarudi kwake. Bibi ndiye aliyemaliza ubishi: "Mwalimu, shuleni kwenu hakuna mlimau?"

Kulikuwa na mdimu nyuma ya choo cha wavulana. Kipepeo wa ndimu, yuleyule mweusi mwenye madoa ya manjano, anaishi Tanga mjini kama anavyoishi Muheza, anataga kwenye kila mdimu wa uani. Watoto wakaondoka wakiwa na kazi ya kuuchunguza.

BAADA YA AGOSTI

Kikao cha kikundi kilichofuata kilikuwa kirefu, na kwa mujibu wa walionisimulia hakikuwa kizuri. Vijana walitaka ruhusa ya kukamata msituni, safari hii kwa kibali. Mweka hazina alitaka bustani ifungwe Julai na Agosti. Wanawake wafugaji, ambao ndio wenye kazi, walitaka jambo dogo zaidi: yeyote asijibu barua ya shule kabla ya kuwauliza wao ni nini kitakuwepo mwezi huo.

Hili la mwisho ndilo lililopita. Kutokana nalo ikazaliwa kalenda, iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ofisini. Kwa kila kipindi cha mwaka iliandikwa kinachoonekana, badala ya kinachotamaniwa.

Vuli, Oktoba mpaka Desemba, ndiyo ikapewa safari za shule. Mvua hazikati barabara kama za masika, miche inachipua majani laini, na embe zinaanguka. Kuna vipepeo wakubwa wa msituni, jamii ya Charaxes, ambao ni nadra kwenda kwenye maua. Wanakunywa maji ya matunda yaliyochacha. Kikundi kiliweka sahani za embe na ndizi zilizooza juu ya vigingi kwenye bustani ya wazi, vipepeo wakaja wenyewe kutoka msituni bila wavu wala kibali. Kijana mmoja alipendekeza sahani zimwagiwe tembo la mnazi ili zivutie zaidi, na kitaalamu yuko sahihi. Wazee wakauliza atawaeleza nini wazazi watoto wakirudi wananuka tembo. Wakabaki na matunda peke yake.

Kaskazi, Januari na Februari, ikawa ya wageni wa asubuhi: kuanzia saa tatu mpaka saa sita, kabla jua halijawachosha watu na vipepeo pia. Ni wakati mzuri wa kumwona pupa akipasuka, maana wengi hutoka asubuhi, mabawa yakiwa yamekunjamana na mabichi, na huning'inia kwa muda mrefu mpaka yanyooke na kukauka. Mgeni mwenye subira ya saa moja huona jambo ambalo mwenye haraka hulikosa.

Masika, Machi mpaka Mei, bustani inapendeza kuliko wakati wote na haifikiki. Udongo mwekundu wa barabara ile ukilowa, basi la shule halipandi. Wakaiandika kwenye kalenda kuwa ni ya watoto wa kijijini, wanaokuja kwa miguu.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, wakakiita msimu wa kiwavi. Kiingilio kikashushwa, na matangazo yakasema wazi kwamba vipepeo ni wachache lakini mgeni atalisha viwavi, atatafuta mayai na atajifunza kupanda mche wa chakula cha kipepeo nyumbani.

Walijaribu pia usiku wa nondo: shuka jeupe limetundikwa, taa nyuma yake, watu wanakaa na kahawa wakiangalia kinachotua. Mara ya kwanza waliuweka usiku wa mbalamwezi, wakidhani wageni watafurahia kutembea kwenye mwanga. Walikuja kumbikumbi wawili na mende. Mwezi ukiwaka, taa haivuti wadudu wengi. Walipourudia gizani, baada ya mvua ya vuli, shuka lilijaa.

MATOKEO

Shule ile ilirudi Desemba, muhula ukikaribia kufungwa. Watoto walikuja na daftari. Mdimu wa nyuma ya choo ulikuwa umetoa viwavi, wamewalisha kwenye chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa na kufungwa chandarua, wengine wakafa, wengine wakatoka. Sasa wao ndio waliokuwa wanamweleza katibu. Basi lilifika saa tatu kasorobo, kwa kuwa mwalimu alikuwa ameandikiwa kwamba baada ya saa sita kikundi hakidhamini kitu.

Siku hiyo bustani ya wazi ilikuwa na vipepeo kila upande, na mtembeza wageni aliwaonyesha jambo lililowanyamazisha: vipepeo wawili wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi za mabawa, wanaofanana kama mapacha. Mmoja, Danaus chrysippus, ana sumu aliyoipata kwenye majani aliyokula akiwa kiwavi, ndege wanamkwepa. Mwingine ni jike la Hypolimnas misippus. Hana sumu yoyote, anamwiga tu mwenzake ili naye akwepwe.

Shule nyingine mbili ziliomba nafasi baada ya hapo. Moja ilitaka Agosti. Ilitumiwa maelezo ya msimu wa kiwavi, ikakubali.

UCHAMBUZI

Wengi wanaosikia kisa hiki husema kikundi kilikosa vipepeo. Kwa maoni yangu kilikosa mtu wa kuunganisha ujuzi wa wafugaji na ahadi za katibu. Yule bibi alijua fika kwamba kipupwe huchelewesha pupa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Yeye aliambiwa tarehe. Kikao cha Julai kilihudhuriwa na viongozi peke yao. Kalenda ya manila ina thamani kwa sababu hiyo zaidi ya taarifa zilizomo: ililazimisha wenye mikono kwenye majani waseme kabla ya wenye simu.

Kuwatoa vipepeo wa msituni hadharani kulifanya kazi, ila nisingemshauri mtu apange jambo hilo kama onyesho. Liliokoa siku kwa kuwa lilikuwa la kweli.

Uamuzi wa kutokurudisha pesa unajadilika. Uliwafaa kwa sababu shule ilikuwa karibu na mwalimu alikuwa mwelewa. Kwa shule ya Korogwe au Dar es Salaam, safari ya pili bure ni ahadi tupu, nauli ndiyo gharama kubwa. Kikundi kinahitaji kanuni iliyoandikwa, na mpaka naandika hapa hakijakubaliana juu yake.

Suala la jirani halikwenda vizuri. Mpakani mwa bustani kuna shamba la michungwa, na kwa mkulima wa machungwa wa Muheza kiwavi wa kipepeo huyu ni adui anayemaliza majani ya miche michanga. Mwezi Novemba alipuliza dawa, upepo ukaileta, na safu nzima ya milimau ya kikundi ikapoteza viwavi wake. Hawakugombana. Walimpa pendekezo zuri: wao wataokota viwavi kwenye miche yake bure kila wiki, naye asipulize upande huo. Alikubali. Tatizo ni kwamba kiwavi si mdudu pekee anayemsumbua. Ana vidukari, ana inzi wa matunda, na dawa ya hao inaua na viwavi pia. Anachofanya sasa ni kuwaarifu siku moja kabla, nao wanafunika vizimba kwa turubai. Ni nusu ya suluhisho, na pengine haitapatikana nyingine mpaka wapande ua mnene mpakani.

Pesa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mapato ya Desemba yaligawanywa palepale, kila mtu akapeleka nyumbani kabla ya sikukuu, na sielewi ni nani angewalaumu. Lakini wavu umechanika pande mbili, na siafu waliingia usiku mmoja wa mvua wakala vizimba viwili, kwa sababu makopo ya mafuta yaliyowekwa chini ya miguu ya meza yalikuwa yamekauka na hapakuwa na fedha ya kununua mengine. Mweka hazina amependekeza sehemu ya kila kiingilio ibaki kwenye kibubu cha matengenezo. Pendekezo limeahirishwa vikao viwili. Msimu wa kiwavi, wenye kiingilio kidogo, utakifika kikundi kikiwa na wavu uleule.